Mfalme Afonso wa Kongo na Majina ya Watu Wake

Kati ya jamaa zilizohamia Lubumbashi kutoka pande zote za nchi, zimo jamaa za Wakongo, watu wa jimbo la Kongo Central karibu na bahari. Katika majina yao husikika Ndofunsu, Ndompetelo, Ndontoni na Luvualu. Mtu wa Katanga akiyasikia huyadhani kuwa majina ya mababu tangu kale, wala hakosei sana, maana yamekaa vinywani mwa Wakongo kwa mamia ya miaka. Walakini Ndofunsu ni Dom Afonso, Ndompetelo ni Dom Pedro, Ndontoni ni Dom António, na Luvualu ni Álvaro. Dom ni neno la Kireno la kumheshimu mtu mkubwa, kama Waswahili wa pwani walivyosema mwinyi. Majina hayo hayakuandikwa na karani wa serikali ya kikoloni, wala bwana hakumpa mtumwa wake. Yaliingia kwa mlango mwingine. Mlango huo ulifunguliwa na mfalme Nzinga a Nkuwu, na ulipotaka kufungwa tena, aliyeuzuia ni mwanawe, Mvemba a Nzinga, aliyeitwa katika ubatizo Afonso.

Kwa desturi ya Wakongo mtu alikuwa na jina lake mwenyewe, na nyuma yake jina la baba. Mvemba a Nzinga maana yake ni Mvemba, mtoto wa Nzinga. Baba yake alitawala katika mji wa Mbanza Kongo, ulio leo katika nchi ya Angola, na enzi yake ilienea kusini na kaskazini, pamoja na sehemu kubwa ya nchi ambayo sasa ni Kongo Central. Ulikuwa ufalme wenye majimbo, wakuu wa majimbo, kodi na fedha ya simbi, kabla mzungu ye yote hajaonekana huko.

Wareno walifika kwenye mlango wa mto mkubwa wakati wa safari ya Diogo Cão, aliyetoka kwao mwaka 1482. Wajumbe aliowatuma kwa mfalme wakakawia kurudi, naye akawachukua Wakongo kadhaa kama rehani, akaenda nao Ureno. Mwaka 1485 akawarudisha. Watu waliodhaniwa wamepotea wakatokea wakiwa hai, wamevaa nguo nzuri, wanasema Kireno, nao wakasimulia mambo ya Lisbon na ya dini ya Kikristu. Mfalme akastaajabu, akaomba mapadri na mafundi.

Mapadri wakafika mwaka 1491 pamoja na msafara ulioongozwa na Rui de Sousa. Siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili, akabatizwa kwanza mkuu wa Soyo, pale pwani, akatwaa jina la Manuel. Tarehe 3 Mei akabatizwa mfalme mwenyewe. Ndipo msomaji aangalie vema majina yaliyochaguliwa. Mfalme wa Ureno aliitwa João. Mfalme wa Kongo akaitwa João. Malkia wa Ureno aliitwa Leonor. Malkia wa Kongo akaitwa Leonor. Mwana wa mfalme wa Ureno, mrithi wa kiti, aliitwa Afonso. Basi Mvemba a Nzinga, alipobatizwa mwezi wa Juni, akaitwa Afonso. Hayo hayakuwa majina ya kuokotwa. Kwa Kiswahili mtu mwenye jina moja nawe ni somo wako, na somo hadaiwi kama mgeni wala haibiwi kama adui. Jumba la Kongo na jumba la Ureno yalifanywa masomo, mtu kwa mtu. Afonso wa Ureno hakuishi kuiona faida ya jambo hilo: mwezi wa Julai mwaka ule ule alianguka kutoka juu ya farasi, akafa akiwa kijana wa miaka 16. Afonso wa Kongo akabaki peke yake na jina lile, akalichukua zaidi ya miaka 50.

Miaka michache ikapita, bidii ya mfalme João ikapoa. Mapadri walimtaka abaki na mke mmoja, na wake wa mfalme wa Kongo walikuwa ndiyo mafungamano yake na koo za wakuu. Kuwaacha ilikuwa kama kuvunja nguzo za nyumba. Wakuu wengi wakanung'unika, na mfalme akawaelekea. Afonso hakurudi nyuma. Alikuwa akitawala jimbo la Nsundi, kaskazini kando ya mto, na watu walioshika dini wakapata kimbilio kwake.

Mfalme mzee alipokufa, yapata mwaka 1506, husimuliwa kwamba malkia Leonor alificha habari ya kifo kwa siku chache mpaka mwanawe awahi kufika mjini. Akafika na watu wachache. Ndugu yake kwa baba, Mpanzu, akaja na jeshi kubwa kukidai kiti. Wafuasi wa Afonso, Wakristu wachache waliokuwa pamoja naye, wakaliitia jina la Mtakatifu Yakobo, nao adui wakaona hofu, wakakimbia. Baadaye walioshindwa walieleza kwamba walimwona angani mpanda farasi akiwa na jeshi lake chini ya msalaba mweupe. Afonso mwenyewe aliyaandika hayo katika barua zake, na tangu wakati huo tarehe 25 Julai, sikukuu ya Yakobo, ikawa sikukuu ya ufalme wote.

Akatawala karibu miaka 37, na utawala wake ulikuwa wa kalamu kuliko wa mkuki. Barua zake zaidi ya 20 zimesalia, zilizoandikwa kwa Kireno na makarani wake, na mmoja wa makarani hao, João Teixeira, alikuwa Mkongo. Padri Rui de Aguiar, aliyekuwa kwake mwaka 1516, alimwandikia mfalme wa Ureno kwamba Afonso aliyajua Maandiko kuliko mapadri wenyewe, na kwamba usiku alilala juu ya vitabu. Dada yake, mama mtu mzima aliyejifunza kusoma uzeeni, alifundisha wasichana. Kwa wavulana Afonso alijenga uwanja wa shule wenye kuta ndefu na miiba juu yake ili wasiruke na kutoroka. Walikuwa kiasi cha 400. Kila mzazi anayefahamu watoto atacheka hapo. Lakini katika barua ya mwaka 1514 mfalme alilalamika juu ya jambo lisilochekesha: baadhi ya mapadri waliotumwa kufundisha waliacha kuishi pamoja, kila mmoja akakaa katika nyumba yake, wakajitia katika biashara ya kununua watu, na shule ikatawanyika. Mfalme akawaonea haya mbele ya wapagani waliokuwa wakitazama.

Mwaka 1512 mfalme Manuel wa Ureno, aliyemfuata João, alimpelekea Afonso mjumbe na maagizo marefu juu ya namna ya kupanga jumba la kifalme. Alimpa pia ngao ya ufalme yenye mikono mitano iliyoshika panga, kwa ukumbusho wa vita vya Mtakatifu Yakobo. Afonso aliyapokea kama mtu aendaye sokoni: alichukua yaliyomfaa, mengine akayaacha. Vyeo vya Kireno alivipenda. Mkuu wa jimbo akaitwa duke, mwingine kaunti, mwingine markizi, ingawa kazi ya kila mmoja ilibaki ile ile ya zamani. Na pamoja na vyeo yalikwenda majina. Jamaa ya mfalme aliyekwenda Ureno wakati huo kuwa mjumbe wake alijulikana kama Dom Pedro de Sousa, na Sousa lilikuwa jina la ukoo wa yule Rui aliyeuongoza msafara wa 1491. Hivyo majina ya ukoo ya Kireno yakaanza kuonekana juu ya wakuu wa Kongo, si kwa damu, bali kwa heshima na urafiki.

Mwanawe mmoja, Henrique, alipelekwa Lisbon angali kijana, akasoma, akapewa upadri. Mwaka 1518 Baba Mtakatifu Leo X, kwa maombi ya mfalme Manuel, alimteua kuwa askofu wa Utica, cheo cha jimbo la kale la Afrika ya Kaskazini. Akarudi Kongo mwaka 1521. Afya yake ilikuwa dhaifu, na mapadri wa Ulaya hawakupenda kumtii. Akafa baada ya miaka kumi hivi. Tangu kuteuliwa kwake ilipita zaidi ya miaka 400 mpaka Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, alipopewa daraja ya uaskofu mwaka 1939. Katika Katanga askofu mkuu wa kwanza aliye Mwafrika, Eugène Kabanga, alipewa jimbo la Lubumbashi mwaka 1967. Mtu akitaka kujua hasara ya kifo cha Henrique, na aihesabu miaka hiyo.

Sasa yafuata sehemu chungu ya maisha ya Afonso. Wareno walikuwa wamefanya mashamba ya miwa katika kisiwa cha São Tomé, nao walitaka watumwa. Baadaye wakawataka kwa ajili ya Brazil pia. Wafanyabiashara wakaingia ndani ya nchi wakiwa na nguo na shanga, wakawanunua watu kwa wezi na kwa wakuu wadogo, pasipo kuuliza wametoka wapi. Mwaka 1526 Afonso alimwandikia João III, mfalme wa Ureno wa wakati huo, barua kadhaa za uchungu. Alieleza kwamba watu huru, watoto wa wakuu, hata jamaa zake mwenyewe, wanakamatwa na kuuzwa, na nchi inaishiwa watu. Alisema hataki kutoka Ureno ila mapadri na walimu, na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti. Biashara ya watu hakuitaka tena katika nchi yake.

Yafaa kuitafakari barua ile kwa upande wa majina. Aliyeandika aliitwa Afonso, jina la mfalme wa kwanza wa Ureno. Katika barua alimwita João ndugu yake. Watu waliokuwa wakiibwa njiani waliitwa Pedro, António, Maria, Manuel. Walikwisha kubatizwa kwa maji yale yale waliyobatizwa nayo wenye kuwafunga kamba. Usomo uliofanywa mwaka 1491 ulikuwa ukikatwa kisu kila siku bandarini Mpinda. 

Biashara haikusimama. Ndipo katika mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Afonso akaweka watu watatu wa kumkagua kila mtumwa kabla hajauzwa, kuona kama ni mateka wa vita au ni mtu huru aliyeibwa: Dom Pedro Manipunza, Dom Manuel Manisaba na Gonçalo Pires. Wawili wa kwanza walikuwa wakuu wa Kongo, kila mmoja na jina la ubatizo mbele na cheo cha Kikongo nyuma. Kwa namna hii alijaribu kuwalinda walau raia zake. Mwaka 1536 afisa mmoja wa Kireno aliandika kwamba watumwa 4,000 hadi 5,000 walipakiwa Mpinda kila mwaka.

Haifai kuficha upande wa pili. Afonso mwenyewe alikuwa na watumwa, aliwatoa kuwa zawadi, na kwa watumwa alilipa gharama za mapadri na za wanafunzi waliokuwa Ulaya. Vita vyake vya mipakani vilileta mateka, na mateka wale waliuzwa. Alichokikataza ni kuuzwa kwa Wakongo walio huru. Kwa mtu wa wakati wake mpaka huo ulionekana wazi. Kwa yule aliyefungwa ng'ambo ya mpaka haukuwa na faraja yo yote.

Karibu na mwisho wa maisha yake yalimpata mambo mawili ya kuhuzunisha. Baadhi ya vijana wa ukoo wake waliotumwa Ureno kusoma walipelekwa Brazil kama watumwa. Aliuliza habari zao katika barua, kama baba aulizavyo. Tena siku ya Pasaka, alipokuwa akisikiliza Misa, Wareno wanane waliingia kanisani wakampiga risasi. Risasi ilitoboa pindo la vazi lake, naye akapona. Mkuu mmoja aliyekuwa karibu naye akauawa. Tangu Pasaka ile ya Soyo ilikuwa imepita yapata nusu ya karne. Afonso hakuiacha dini kwa sababu ya Wareno. Alikwisha kuitenga na wao siku nyingi, na pengine hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Alikufa mwishoni mwa mwaka 1542 au mwanzoni mwa mwaka 1543.

Wafalme waliomfuata waliitwa Pedro, Diogo, Álvaro, Garcia, António. Huko Soyo, katika karne ya 17, watawala walikuwa wa ukoo wa da Silva, Wakongo halisi, na mmoja wao, Daniel da Silva, aliyetwaa utawala mwaka 1641, aliipigania nchi yake dhidi ya mfalme wa Kongo mwenyewe. Mwaka 1665 mfalme António aliuawa vitani na Wareno pale Mbwila, na ufalme ukagawanyika. Mapadri wakawa haba. Wakapuchini, walioingia mwaka 1645, walipita kijiji kwa kijiji wakibatiza maelfu, halafu wasionekane kwa miaka mingi. Waliobaki ni makatekista. Tangu mwaka 1624 walikuwa na katekisimu kwa Kikongo iliyochapwa Lisbon, nao walifundisha sala, waliongoza nyimbo, wakawakusanya watoto padri alipotangazwa kuja. Bila makatekista hao majina yangalikwisha katika kizazi kimoja au viwili.

Katika ubatizo wale maskini nao walitaka Dom na Dona kama wakubwa, nao walipewa. Hapo ulimi wa Kikongo ukaanza kazi yake. Ulimi huo haukupenda herufi r, wala silabi iliyofungwa, kama Kiswahili kilivyomfanya Petrus kuwa Petro. Pedro akawa Petelo. João akawa Nzuau. Maria akawa Madia. Dom ikabaki Ndo na kushikamana na jina lenyewe, hata watu wakasahau kwamba yalikuwa maneno mawili. Na kwa kuwa desturi ya kutaja jina la baba nyuma ya jina la mtoto iliendelea, jina la ubatizo la babu likawa jina la nyumba. Umbo likawa la Kireno, kanuni ikabaki ya Mvemba a Nzinga.

Kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi, huko Lagos, Porto-Novo na Ouidah, ziko jamaa za de Souza na da Silva pia, lakini nyingi kati yao zilipata majina kwa njia tofauti. Mababu zao walikuwa watumwa Brazil, wakapewa huko majina ya mabwana au ya wasimamizi wa ubatizo, wakarudi nayo katika karne ya 19. Mkongo aliyeuzwa Brazil mara nyingi alishuka merikebuni akiwa amekwisha kuitwa António kwao. Hata Katanga majina ya namna hii yalifika: Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa na mke aitwaye Maria da Fonseca, wa jamaa za wafanyabiashara waliotoka upande wa Angola.

Wamisionari Waingereza walipofika Mbanza Kongo mwaka 1878, walipokelewa na mfalme aliyeitwa Dom Pedro. Kanisa lilikuwa limebaki kuta tu, na kuta hizo zasimama hata leo. Mwaka 2017 mji wote uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwaka 1972, chini ya Mobutu, serikali ya Zaire iliwaamuru raia kuacha majina ya Kikristu na kutwaa ya mababu. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akanyang'anywa makao yake, akaenda Roma kwa miezi kadhaa. Lubumbashi, kama kwingineko, Jean na Marie yakafutwa katika vitambulisho, mpaka katazo lilipoondolewa mwaka 1990. Kwa Wakongo wa Kongo Central palikuwa na jambo la ajabu kidogo, kwa maana mababu wenyewe ndio waliokuwa wameitwa Afonso na Pedro. Mwanamuziki mashuhuri wa Kinshasa, Lutumba Simaro, aliyefariki mwaka 2019, alizaliwa na kuitwa Simon Lutumba Ndomanueno. Simon lilikuwa katika majina yaliyokatazwa. Ndomanueno ni jina la Kikongo. Ni Dom Manuel, jina la mfalme wa Ureno aliyempelekea Afonso ile ngao ya mikono mitano.